Gari linamisi, mashine inasoma P0171: usikimbilie kununua sensa ya oksijeni

Marahaba, binti yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na nalirudia hapa kwa kifupi ili na wengine wenye shida kama yako wafuate. Una Toyota IST ya mwaka 2004, injini 2NZ-FE ya cc 1300, na uko Kihonda, Morogoro. Kwa wiki tatu sasa gari linamisi, yaani silinda hazichomi mafuta kila zamu yake. Asubuhi ukiliwasha halisumbui sana, ila likishapata moto ukasimama kwenye foleni linatetemeka kama linataka kuzima, ukikanyaga mafuta linatulia. Fundi wa kwanza alipima kwa mashine akapata P0300 na P0171, akakwambia sensa ya oksijeni imekufa. Ukanunua sensa ya mtumba, ikaunganishwa kwa kukata waya na kuzungushia tepu. Taa ya cheki injini ikazima siku mbili, kisha ikarudi na namba zilezile. Fundi wa pili anasema hata hiyo uliyouziwa ni mbovu, nunua nyingine. Unauliza: kweli sensa ya oksijeni inaweza kufanya injini imisi, na utajuaje kabla hujatoa hela tena?

Inaweza. Nimeshakutana na magari ambayo sensa ndiyo ilikuwa chanzo, na nitakueleza yanavyokuwa. Lakini kwa dalili ulizoniandikia, siamini kwamba sensa yako ya kwanza ndiyo iliyoanzisha shida, na nakuomba usinunue ya tatu mpaka umefanya vipimo nitakavyovieleza. Vingi havina gharama zaidi ya muda wa fundi mwenye subira na multimita.

Tuanze na hizo namba, maana hapo ndipo hela yako ilipopotelea. P0300 inasema injini inamisi bila kutaja silinda moja. Kama kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ingemjua mkosaji ingeandika P0301, P0302, P0303 au P0304 kulingana na silinda. Na hilo halijui kupitia sensa ya oksijeni. Linajua kwa kuangalia mzunguko wa kreki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni: silinda isipochoma, kreki inachelewa kidogo pale ilipotakiwa kusukumwa. P0171 nayo inasema kontroli boksi limeongeza mafuta mpaka karibu na mwisho wa uwezo wake, na bado linaambiwa kwenye ekzosi kuna oksijeni nyingi kupita kiasi. Kati ya namba hizo mbili hakuna inayosema sensa imekufa. Namba zinazoishtaki sensa ya kwanza yenyewe ni kuanzia P0130 hadi P0135, na za sensa ya pili, ile iliyo nyuma ya masega yanayosafisha moshi kwenye ekzosi, ni P0136 hadi P0141. Wewe hukupata hata moja. Sensa yako ilileta taarifa, na aliyeleta taarifa ndiye aliyefukuzwa kazi.

Kwa nini mafundi wengi wanaangukia hapo? Kwa sababu hawajaelewa kile kidude kinafanya nini. Ndani ya sensa kuna kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia. Upande wa nje wa kikombe unapigwa na moshi wa ekzosi, upande wa ndani una hewa safi. Kauri hiyo ikishapata moto wa kama nyuzi 300 za Selsiasi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazalisha umeme mdogo. Moshi ukiwa umezidi mafuta, oksijeni iliyobaki ni kidogo mno, na sensa inatoa kama volti 0.8 hadi 0.9. Mafuta yakipungua, oksijeni inabaki, sensa inashuka hadi karibu volti 0.1. Mpaka wa pande hizo mbili ni pale ambapo kilo moja ya petroli inapata kilo 14.7 za hewa, na hapo volti inaruka ghafla kupita 0.45. Bosch ndio waliokitengeneza kwa ajili ya magari, na Volvo wakawa wa kwanza kukifunga kwenye gari la kuuza, mwaka 1976. Sensa nyingi za Toyota za umri wa gari lako bado zinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Kontroli boksi linaisikiliza sensa ya kwanza wakati wote injini ikiwa ya moto. Volti ikipanda, linapunguza mafuta. Ikishuka, linaongeza. Kwa hiyo kwenye injini isiyo na tatizo volti haitulii, inapanda na kushuka. Kipimo cha zamani cha Toyota, ambacho mimi nakitumia mpaka leo, ni hiki: injini ikiwa ya moto kabisa, ishikilie kwenye mizunguko 2500 kwa dakika, hesabu sekunde 10. Volti inatakiwa ivuke juu na chini mara nane au zaidi. Ikivuka mara mbili tatu tu, sensa imechoka. Ikibaki palepale, usihukumu bado, endelea kusoma.

Sasa, sensa mbovu inafanyaje injini imisi? Chukulia imekwama chini, inatoa volti 0.1 hata moshi ukiwa umejaa petroli. Kontroli boksi linaamini mafuta yamepungua, linaongeza. Sensa inabaki 0.1. Linaongeza tena. Mwisho wake plagi zinalowa, zinaota masizi, cheche inapita kwenye masizi badala ya kuruka kwenye nafasi yake, na silinda zinaanza kumisi moja baada ya nyingine. Utasikia harufu ya petroli kwenye bomba la moshi, gari litakunywa mafuta kuliko kawaida, na moshi unaweza kuwa mweusi. Sensa iliyokwama juu inafanya kinyume: mafuta yanapunguzwa mpaka mchanganyiko haushiki moto vizuri, hasa ukiwa umesimama. Na sensa iliyozeeka ikawa nzito inaleta kupanda na kushuka kwa mlio, kama mtu anakanyaga na kuachia mafuta.

Angalia jambo moja hapo. Sensa ni moja, silinda ni nne. Ikidanganya, inadanganya kwa ajili ya zote. Ukiona gari linamisi silinda moja tu, kila mara ileile, ondoa sensa ya oksijeni kwenye orodha yako na uangalie plagi, koili, nozeli na kompresheni ya silinda hiyo. Kwenye injini yako kila silinda ina koili yake, kwa hiyo ni rahisi: hamisha koili ya silinda inayomisi kwenye silinda ya jirani, futa namba, endesha. Namba ikihama na koili, umempata.

Upande wa pili wa jambo hili ndio unaowachanganya hata mafundi wazuri: kumisi kwenyewe kunaifanya sensa ionekane mbovu. Silinda isipochoma, hewa iliyovutwa inatoka kama ilivyoingia, na hewa ina oksijeni kama asilimia 21, wakati moshi wa silinda iliyochoma vizuri una chini ya asilimia 1 au 2. Kwenye injini ya silinda nne hiyo ni robo ya hewa yote inayotoka. Petroli yake nayo inatoka bila kuungua, lakini sensa haihesabu petroli hiyo kama inavyoihesabu oksijeni. Inachokiona ni oksijeni nyingi, na inasema ukweli: mafuta yamepungua. Kontroli boksi linaongeza mafuta kwa silinda zote, zile tatu nzima zinaanza kulowa, na fundi anaona P0171 na volti iliyolala chini, anahukumu sensa. Koili moja iliyochoka imemtuma dukani kununua sensa.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza, kabla ya mashine yoyote, ni plagi zako. Mwambie fundi azifungue zote nne na azipange juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda, ya kwanza upande wa mikanda. Zitazame wewe mwenyewe. Plagi nzima ina rangi ya kahawia hafifu au kijivu kwenye ncha. Sasa linganisha na kile mashine ilichosema. Mashine inasema mafuta yamepungua, na plagi zote nne ni nyeupe, kavu, kauri safi kama sahani: basi sensa inasema kweli, mafuta kweli yamepungua, tafuta kwa nini. Mashine inasema mafuta yamepungua, lakini plagi zote nne ni nyeusi kama zimepakwa mkaa: hapo kuna anayedanganya, ama sensa yenyewe, ama kuna hewa inaingia kwenye ekzosi kabla ya kuifikia. Plagi tatu zina rangi moja na moja imelowa peke yake: rudi kwenye silinda hiyo. Dakika ishirini za kazi hiyo zinaokoa hela nyingi.

Kuna Corolla Fielder niliyoletewa ambayo siisahau kwa sababu mwenye nayo alikuwa ameshanunua sensa mbili. P0171, inamisi ikiwa imesimama, volti ya sensa imelala kwenye 0.1. Plagi zikatoka nyeusi zote. Kila mtu angesema sensa. Nikapuliza kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye mpira wa hewa, injini ikinguruma, jicho langu kwenye skrini: volti ikaruka mpaka 0.85 papo hapo, kisha ikarudi chini taratibu. Sensa mfu haifanyi hivyo. Nikazima, nikasubiri injini ipoe kabisa, nikaiwasha tena huku kijana wangu amebana kitambaa kilicholowa maji kwenye mdomo wa bomba la moshi kwa sekunde chache. Nikainamia manifoldi, nikasikia tsi, tsi, tsi, mlio mdogo kama wa mtu anayefukuza kuku. Kwenye kiungo, pembeni ya gasketi, palikuwa na mstari wa masizi mwembamba kama umechorwa kwa penseli. Hapo ndipo hewa ilikuwa inavutwa ndani. Moshi hautoki mfululizo, unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo ekzosi inavuta hewa ya nje kupitia tundu hilo. Sensa ikaonja hewa ya gereji ikadhani ni ya injini. Tukabadilisha gasketi, tukaweka plagi mpya, marekebisho ya mafuta yakashuka kutoka asilimia 28 hadi 4. Sensa mbili alizonunua zilikuwa nzima.

Nimetaja marekebisho ya mafuta, na hapa nataka nikae kidogo, maana kwa gari lako ndipo jibu lilipo. Mashine ya kupimia ukiifungua kwenye ukurasa wa data, siyo ule wa namba za makosa, utaona STFT na LTFT. Ya kwanza ni marekebisho ya sasa hivi, yanacheza muda wote. Ya pili ni yale ambayo kontroli boksi limejifunza na kuyaweka kwenye kumbukumbu. Jumlisha zote mbili. Jumla ikiwa kati ya kupunguza 10 na kuongeza 10, injini iko sawa. Ikiwa kuongeza 20 na zaidi, kontroli boksi linalia njaa ya mafuta.

Soma jumla hiyo mara mbili: injini ikiwa ya moto umesimama bila kukanyaga, kisha ukiwa umeshikilia mizunguko 2500. Tofauti ya namba hizo mbili inakuambia uende wapi. Jumla ikiwa kubwa ukiwa umesimama, mfano 25, halafu ikashuka hadi 5 au 6 ukikanyaga, kuna hewa inayoingia kwenye injini bila kupimwa, baada ya sensa ya kupima hewa iliyo karibu na airklina. Sababu ni rahisi: ukiwa umesimama injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa ya wizi inayopita kwenye mpira uliopasuka ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi inamezwa. Kinyume chake, jumla ikiwa nzuri umesimama halafu inapanda ukikanyaga au ukipanda mlima, mafuta hayafiki ya kutosha: pampu imechoka, filta imeziba, nozeli zimeziba, au sensa ya kupima hewa ina vumbi na inapima pungufu.

Wewe umeniandikia linamisi likisimama na linatulia ukikanyaga. Hiyo ni picha ya hewa ya wizi, na ndiyo maana tangu mwanzo nimekuwa nasita kuilaumu sensa. Mwambie fundi akague mpira mkubwa wa hewa kutoka airklina hadi throtobodi, ule mlango wa hewa wa injini, hasa kwenye mikunjo yake upande wa chini ambako jicho halifiki. Aukunjue kwa mkono, mpasuko unajificha kwenye mkunjo. Aangalie mipira midogo yote inayoingia kwenye manifoldi ya hewa, ule wa hydrovac ya breki, na valvu ndogo ya kupumulia juu ya injini ambayo ikikwama wazi inavuta hewa muda wote. Aangalie na gasketi ya manifoldi ya hewa. Plastiki na mpira wa gari la mwaka 2004 umeshapita mengi, na ukipata moto unalegea, ndiyo maana asubuhi halisumbui sana. Njia safi ya kuupata mpasuko ni mashine ya moshi. Fundi asiyekuwa nayo anapuliza dawa ya kabureta kidogo kidogo kuzunguka mipira na kusikiliza mlio ukibadilika. Dawa hiyo inashika moto. Isipulizwe karibu na ekzosi, na kizima moto kiwe karibu.

Sasa turudi kwenye sensa uliyofungiwa, kwa sababu hata kama haikuwa chanzo, inawezekana sasa imekuwa tatizo la pili. Hiyo kukata waya na kuzungushia tepu inanitia wasiwasi. Nimesema upande wa ndani wa kikombe unahitaji hewa safi. Kwenye sensa nyingi hewa hiyo inapita katikati ya nyuzi za waya wenyewe, ndani ya ganda lake. Waya ukiunganishwa kwa risasi ya kuchomelea, au kiungo kikijaa mafuta au dawa ya kusafishia umeme, njia inaziba na sensa inaanza kupima vibaya. Pia volti tunayoizungumzia ni ndogo mno. Kiungo cha kusokota kwa mkono, kikishapata unyevu na joto la ekzosi, kinaipoteza njiani. Kama lazima waya uunganishwe, utumike mrija wa shaba wa kubana kwa koleo, ufunikwe vizuri usiingize maji.

Kagua pia kama ni ya aina sahihi. Sensa za Toyota zenye waya nne zinafanana sana kwa sura, lakini kuna zile za kawaida nilizoeleza, na kuna zile zinazoitwa za A/F (hewa na mafuta), zinazofanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Kwenye mashine ya Toyota sensa ya A/F inakaa karibu volti 3.3 mchanganyiko ukiwa sawa, na mafuta yakizidi inashuka badala ya kupanda. Ukifunga moja mahali pa nyingine, kontroli boksi linasoma vitu visivyoeleweka. Njia ya haraka ya kuzitofautisha ni kupima hita zikiwa baridi. Kwenye sensa nyingi za Denso, waya mbili nyeusi ndizo za hita. Weka multimita kwenye omu, pima kati ya nyeusi na nyeusi: sensa ya kawaida ya Toyota inasoma kama omu 11 hadi 16, ile ya A/F kama omu 1.8 hadi 3.4. Multimita isiposoma kitu, hita imekatika. Hiyo ndiyo inayoleta P0135, na sensa yenye hita mfu inaanza kufanya kazi kwa kuchelewa na inapoa ukikaa kwenye foleni. Kama bado unayo sensa ya kwanza iliyotoka kwenye gari, itafute. Ipime hivyohivyo. Sitashangaa ikiwa nzima.

Halafu kuna kipimo cha kuchomoa. Gari likiwa la moto na linamisi, mashine ifute namba zote kwanza, ili yale marekebisho yaliyowekwa kwenye kumbukumbu yarudi sifuri. Usiruke hatua hiyo. Kontroli boksi linatumia LTFT hata pale ambapo haliisikilizi sensa, na bila kufuta utadhani umeiondoa sensa kumbe maneno yake ya jana bado yanatumika. Baada ya kufuta, zima, chomoa plagi ya umeme ya sensa ya kwanza, washa. Kontroli boksi litatumia kipimo lililozaliwa nacho. Taa itawaka, usijali. Injini ikitulia kabisa na kubaki imetulia, basi taarifa za sensa zilikuwa zinaliharibu, na sasa una haki ya kuishuku yenyewe, waya wake au gasketi ya ekzosi. Ikiendelea kumisi vilevile, chanzo kiko kwingine. Ikizidi kuwa vibaya, ujue sensa ilikuwa inakusaidia kwa kuomba mafuta ya ziada kufidia hewa ya wizi. Kwa gari lako nategemea hilo la tatu.

Umeniuliza pia mbona taa ilizima siku mbili kama sensa haikuwa shida. Fundi alipobadilisha sensa alifuta namba au alitoa betri, na kumbukumbu yote ikafutika. Kontroli boksi likaanza kujifunza upya kutoka sifuri, likaongeza mafuta polepole, na namba nyingi za aina hii haziwashi taa mpaka kosa lionekane kwenye safari mbili. Siku mbili za ukimya ni muda huo wa kujifunza. Betri ingetolewa bila kugusa sensa, ungepata siku mbili hizohizo.

Watu wanaogopa pia sensa ya pili, ile ya nyuma ya masega, kwa sababu wakiiangalia volti yake imetulia kwenye 0.6 au 0.7 haichezi. Inatakiwa iwe hivyo. Kazi yake kubwa ni kukagua kama masega yanasafisha moshi. Ikianza kucheza kama ya kwanza, ndipo masega yamechoka au yametolewa, na utapata P0420. Hiyo sensa karibu kamwe haifanyi gari limisi, na usikubali ikabadilishwa kwa sababu hiyo.

Ikitokea baada ya vipimo vyote ukakuta sensa kweli imekufa, basi uliza kilichoiua, vinginevyo mpya itakufa vilevile. Itazame ncha yake. Masizi meusi makavu ni mafuta yaliyozidi. Mara nyingi hayo yanaungua yenyewe ukirekebisha chanzo. Majivu ya kahawia au kijivu mazito ni oili inayopanda kwenye silinda. Utando mweupe kama chokaa ni maji ya rejeta yanayovuja ndani, au ni silikoni. Hiyo silikoni tunailaumu kidogo mno. Fundi anapaka gundi ya gasketi kwa mkono mzito kwenye kava ya valvu, mvuke wake unavutwa na injini, unaungua na kuwa mchanga laini unaoziba kauri, na sensa haifufuki. Zipo gundi zilizoandikwa kwamba hazidhuru sensa. Ndizo zitumike, na kidogo.

Mafuta nayo. Enzi za petroli yenye risasi zilikwisha huku kwetu mwaka 2006, kwa hiyo adui huyo mkubwa wa sensa hayupo. Uchakachuaji ndio tunaoujua vizuri. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inagonga, inaacha masizi, inachafua plagi na sensa, na inaweza kufanya gari zima limisi. Tangu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walipoanza kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa kupandishwa mwaka uliofuata, mchezo huo umepungua sana, lakini kama gari lilianza kumisi siku ileile uliyojaza kituo usichokizoea, niambie, maana hapo tunaanzia kwenye tenki.

Wakati unasubiri matengenezo, angalia taa ya cheki injini inawakaje. Ikiwaka bila kupepesa, endesha polepole mpaka gereji. Ikipepesa ukiwa barabarani, injini inamisi kiasi cha kumwaga petroli mbichi kwenye masega, na petroli hiyo inaungulia mle ndani mpaka masega yanayeyuka na kuziba. Punguza mwendo, usikanyage mafuta kwa nguvu, na ukiweza lisimamishe. Kwa sababu hiyohiyo usimruhusu fundi aliache gari linanguruma dakika nyingi huku amechomoa koili moja kutafuta silinda inayomisi.

Fanya hivi basi: plagi kwanza, kisha STFT na LTFT umesimama na kwenye 2500, kisha mipira ya hewa. Ukishaziba penye mpasuko, rudisha sensa yako ya zamani kama hita yake inasoma sawa, na plagi yake ya umeme bado ipo. Isipokuwepo, nunua Denso mpya yenye plagi yake ili waya usikatwe tena. Iingizwe kwa spana ya 22, uzi upakwe grisi ya joto inayokuja nayo, ncha isiguswe na grisi wala kidole, na ikazwe kama Nm 44, isipite hapo. Futa namba, endesha kutoka Kihonda mpaka Mikese na kurudi, ili kontroli boksi lijifunze ukiwa umesimama na ukiwa kasi. Ukirudi, kaa dakika tano injini ikinguruma na usome tena. STFT ikiwa inacheza karibu na sifuri na LTFT haijapita 10, gari lako limepona. Ikirudi 20, niandikie namba zote mbili na rangi ya kila plagi, silinda kwa silinda, tuendelee hapo.